Kupima Kijito Kabla ya Kukigusa: Makazi ya Samoni na Kazi ya Kuyarejesha



Nashukuru kuona mmekuja wengi hivi kusikiliza habari za samaki asiyekuwamo katika mito yetu. Sababu ya kumchagua samoni ni hii. Katika Kaskazini Magharibi ya Marekani, yaani majimbo ya Washington, Oregon na Idaho pamoja na kaskazini ya California, watu wametumia miongo kadhaa na fedha nyingi mno wakijaribu kumrudishia samaki huyu mito yake. Mahali pengine wamefaulu, mahali pengine wamekosea, na bahati yetu sisi wengine ni kwamba yote mawili wameyaandika.

Kusudi langu jioni hii ni kueleza kinachopimwa kijitoni kabla ya gogo la kwanza kuwekwa au jiwe la kwanza kusogezwa, na kutetea dai moja: upimaji wa awali ndio unaoamua kama kazi itamsaidia samaki au itabadilisha tu sura ya kijito. Nina hoja tano. Hazitalingana kwa urefu, kwa maana nyingine zina mengi ya kuonyesha na nyingine zinaeleweka upesi.

Lakini kwanza tumjue samaki mwenyewe. Samoni wa Pasifiki huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi kuzaa katika mto uleule alikozaliwa, na akishazaa hufa. Amerika Kaskazini ina aina tano zinazojulikana zaidi: chinuki, koho, sokai, chamu na pinki. Jike akifika mahali panapomfaa hulala ubavu na kupigapiga mkia juu ya changarawe hadi shimo lipatikane. Hutaga humo, dume humwaga manii, kisha jike huchimba kidogo upande wa juu wa mkondo ili changarawe inayosombwa iyafunike mayai. Huko chini mayai hukaa miezi ya baridi yote, yakipumua kwa maji yanayopenya kati ya mawe. Tope likiziba nafasi hizo, mayai hufa. Na hata yakianguliwa, vifaranga hushindwa kupanda hadi juu.

Hoja ya kwanza: tumpime samaki katika kila umri wake

Kijito kimoja kinaweza kuwa kizuri kwa samaki wa umri huu na kibaya kwa wa umri ule. Vifaranga vya chamu na pinki hutoka kwenye changarawe na kuteremka baharini mapema, kwa hiyo shida yao kubwa mtoni ni mahali pa kutagia. Sokai wengi hukulia ziwani. Koho ni tofauti kabisa: kifaranga chake hukaa kijitoni mwaka mzima hivi au zaidi, kiangazi kimoja na majira ya baridi mazima, kabla ya kwenda baharini. Huyu anahitaji changarawe ya kuzaliwa, vidimbwi vya maji baridi wakati wa joto, na mahali pa kujificha mafuriko ya majira ya baridi yanapokuja.

Hapo ndipo wengi walipoteleza. Upimaji hufanyika kiangazi, kwa sababu maji yamepungua na mtu anaweza kutembea mtoni bila hatari. Mpimaji huona vidimbwi vichache, huandika kuwa vidimbwi ni haba, na mradi huchimba vidimbwi. Mwaka 1992 Thomas Nickelson na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao katika vijito vya pwani ya Oregon. Walionyesha kwamba vifaranga vya koho wakati wa baridi hujazana katika mabwawa ya biva, yule mnyama anayeziba vijito kwa miti, na katika vihori vilivyotulia pembeni mwa mto, na kwamba makazi ya aina hiyo ni machache kuliko yale ya kiangazi. Miaka kumi kabla yao, utafiti katika mto Clearwater huko Washington ulikuwa umeonyesha vifaranga vya koho vikihama mtoni wakati wa vuli na kuingia katika vibwawa vya pembeni kwenda kupitisha baridi. Basi mradi uliochimba vidimbwi vya kiangazi ungeweza kulisha vifaranga wengi zaidi hadi Oktoba, halafu mafuriko ya Desemba yakawasomba wote.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpimaji si kama kijito ni kizuri. Swali ni: samaki huyu anakwama katika umri gani? Ikiwa mahali pa kutagia panatosha mara tatu ya mahitaji, kuongeza changarawe hakutaongeza hata samaki mmoja anayerudi. Ni lazima eneo la kila aina ya makazi lipimwe, lilinganishwe na idadi ya samaki linayoweza kubeba katika kila hatua ya maisha yao, na hatua inayobana zaidi ijulikane. Bila hesabu hiyo tunakisia, na tunakisia kwa fedha za watu.

Hoja ya pili: kipimo ni kile ambacho mtu mwingine anaweza kukirudia

Niruhusuni niwapeleke kijitoni, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Wapimaji huwa wawili au watatu, wamevaa buti za mpira za kufika kiunoni. Wanaanzia mahali panapojulikana, mara nyingi pale kijito kinapomwagika katika mto mkubwa, na kupanda taratibu. Kila kipande wanachopita hukipa aina yake: hapa kidimbwi, hapa mkondo wa kasi juu ya mawe, hapa maji yanateremka ngazi kwa ngazi. Peter Bisson na wenzake walitoa utaratibu wa kuvitaja vipande hivyo mwaka 1982, na mwaka 1997 David Montgomery na John Buffington wakatoa mwingine wa kuziainisha sehemu ndefu zaidi za mto kulingana na mwinamo wake na jinsi unavyosafirisha mawe.

Chukua kina cha kidimbwi. Jambo hili linaonekana rahisi: chomeka fimbo, soma namba. Lakini ukipima Julai utapata namba moja, na ukirudi Septemba maji yakiwa yamepungua utapata nyingine, na kidimbwi ni kilekile. Thomas Lisle, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani huko kaskazini ya California, alitoa mwaka 1987 njia nyepesi ambayo mimi huifundisha kila mwanafunzi. Pima kina mahali penye kina kirefu kuliko pote katika kidimbwi. Kisha nenda kwenye ukingo wa chini wa kidimbwi, pale maji yanapotokea kuingia mkondo unaofuata, upime kina hapo. Toa cha pili katika cha kwanza. Tuseme ni mita 1.1 kwa mita 0.3, jibu ni mita 0.8. Maji ya mto yakipanda, vipimo vyote viwili hupanda pamoja. Yakishuka, hushuka pamoja. Tofauti yao haibadiliki. Ni kama mtungi uliolazwa, ambao hubaki na maji hadi usawa wa mdomo wake hata kama hakuna anayeujaza. Hiyo 0.8 ndiyo kina ambacho samaki atabaki nacho siku kijito kikiacha kutiririka, na ndiyo namba inayoweza kulinganishwa mwaka huu na miaka kumi ijayo, mvua ikiwa nyingi au chache.

Sasa changarawe. Mwaka 1954 M. Gordon Wolman alichapisha njia ya kupima mawe ya mtoni, na hadi leo inatumika ulimwenguni kote. Unavuka kijito hatua kwa hatua. Kila hatua unainama, unageuza macho pembeni, unanyoosha kidole kwenye ncha ya buti na kuokota jiwe la kwanza kidole kinachogusa. Jiwe lina pande tatu: ndefu, fupi na ya katikati. Unapima ile ya katikati, mwenzako anaandika, unalitupa jiwe nyuma yako na kupiga hatua nyingine. Mawe 100 kwa uchache. Kugeuza macho ndiko kunakoiokoa kazi, kwa sababu jicho hupenda jiwe zuri lenye ukubwa wa kushikika, na mkono ukiongozwa na jicho utaacha mchanga na utaacha mawe makubwa. Mawe yakishapangwa kwa ukubwa, tunatafuta lile la katikati. Matt Kondolf na Wolman huyohuyo walikusanya vipimo vingi vya mahali samoni na jamaa zake wanapotagia, na mwaka 1993 wakaeleza kuwa samaki anaweza kutaga katika changarawe ambayo jiwe lake la katikati linafikia takriban asilimia 10 ya urefu wa mwili wake. Jike la sentimita 70, basi, huweza kuyamudu mawe ya hadi sentimita 7 hivi. Mto wenye mawe ya sentimita 15 kila mahali haumfai hata ukiwa na maji safi kama machozi.

Magogo huhesabiwa pia. Katika miongozo mingi ya huko, kipande cha mti kinaandikwa kikiwa na unene wa sentimita 10 na urefu wa mita 2 au zaidi, na vile vikubwa zaidi huandikwa peke yao, kwa kuwa gogo lenye mizizi yake ndilo linalochimba kidimbwi na kuzuia changarawe. Kivuli hupimwa kwa kioo kidogo kilichobinuka chenye miraba, unahesabu miraba iliyofunikwa na majani. Vipima joto vidogo vinafungwa chini ya maji na kuachwa miezi kadhaa, vikiandika joto kila saa au chini ya hapo.

Najua kuna watakaouliza: kilomita 20 za kijito zitapimwa hivyo lini? Jibu walilitoa David Hankin na Gordon Reeves mwaka 1988. Mpimaji anakadiria kwa macho urefu na upana wa kila kipande, bila kuruka hata kimoja. Lakini kwa mpango uliowekwa tangu asubuhi, baadhi ya vipande, tuseme kimoja katika kila kumi, hupimwa kwa tepu vilevile. Mwisho wa siku makadirio yanalinganishwa na vipimo, na kosa la jicho la mtu huyo linajulikana na kurekebishwa katika vipande vyote. Wapiga mbizi wenye miwani ya majini nao huhesabu samaki katika sehemu ya vidimbwi, na baadhi ya hesabu zao huhakikiwa kwa njia nyingine ya kuvua na kuachia. Mimi naiheshimu sana njia hii, kwa sababu haimwombi mpimaji asikosee. Inamwomba apime kosa lake.

Na kosa lipo. Brett Roper na Dennis Scarnecchia walionyesha mwaka 1995 kwamba wapimaji tofauti wakipita kijito kilekile hutofautiana katika kutaja aina za vipande, na tofauti hukua kadiri orodha ya aina inavyorefushwa. Wanafunzi wangu, liandikeni hili: orodha ndefu inaonekana ya kitaalamu, lakini ikiwa watu wawili hawawezi kukubaliana nayo, mabadiliko mtakayoyaona baada ya miaka mitano yanaweza kuwa ni mabadiliko ya mpimaji tu.

Hoja ya tatu: chanzo cha shida mara nyingi hakipo pale tunapotaka kujenga

Hii ni fupi kuieleza na ngumu kuitii. Mradi hupewa mita 500 za kijito, na wapimaji hupima mita hizo 500. Lakini tope linalofukia mayai linaweza kuwa linatoka katika barabara ya wakata magogo kilomita 6 juu, na joto linalowaua vifaranga linatokana na kingo zilizofyekwa miti tangu huko mlimani. Katika mradi wa utafiti wa bonde la Alsea huko Oregon, uliodumu tangu 1959 hadi 1973, vijito vitatu vililinganishwa: Flynn Creek kiliachwa kama kilivyo, Deer Creek kikaachiwa ukanda wa miti kandokando, na Needle Branch kikakatwa miti hadi ukingoni mwaka 1966. Maji ya Needle Branch yalipanda joto sana. Ya Deer Creek yakabaki karibu na hali yake. Leo Oregon inaweka kikomo cha joto cha nyuzi 18 za selsiasi kwa mito ambamo samoni wadogo wanakulia, na nyuzi 16 kwa ile iliyo makazi muhimu ya maji baridi, kikihesabiwa kwa wastani wa siku saba wa joto la juu la kila siku.

Kizuizi kingine ni kalavati. Bomba linalopitisha kijito chini ya barabara likiwekwa juu kidogo, au likiwa jembamba hata maji yakapita kwa kasi, samaki hawezi kupanda. Huko Washington mwongozo wa upimaji huhesabu anguko la maji la sentimita 24 kuwa kizuizi. Sentimita 24! Mtu mzima analivuka bila kulitambua, na juu yake kuna kilomita za makazi matupu. Makabila 21 ya Wenyeji wa asili, ambayo haki yao ya kuvua imo katika mikataba ya 1854 na 1855, yaliishtaki serikali ya jimbo mwaka 2001 kwa ajili ya makalavati hayo. Mwaka 2013 mahakama iliamuru yarekebishwe, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika nne kwa nne, hivyo amri ikabaki pale pale. Kesi hiyo isingewezekana bila watu waliotembea barabara baada ya barabara wakipima kila bomba: upana, mwinamo, anguko, na urefu wa makazi yaliyofungwa juu yake.

Mwaka 2002 Philip Roni na wenzake walipendekeza mpangilio ambao naona unafaa kuanziwa: kwanza fungua makazi yaliyofungiwa, pili tengeneza mambo yanayoulisha mto, kama barabara na miti ya ukingoni, halafu ndipo uweke vitu ndani ya kijito. Waliogeuza mpangilio huo walipata hasara. Christopher Frissell na Richard Nawa walikagua vifaa 161 vilivyojengwa katika vijito 15 vya Oregon na Washington kwa ajili ya samaki, baada ya mafuriko ambayo hutokea kila baada ya miaka 2 hadi 10. Hayakuwa mafuriko ya ajabu. Walichokichapisha mwaka 1992 ni kwamba kiwango cha kati cha kuvunjika kabisa kilikuwa asilimia 18.5, na kuharibika kwa jumla asilimia 60. Magogo yalifungwa vizuri kwa nyaya na nondo. Lakini mto uliokuwa ukibeba tope na mawe kutoka juu haukuwa umeulizwa.

Hoja ya nne: kijito cha leo si kijito cha asili

Ukipima kijito leo unapata hali ya leo. Ukitaka kujua kinarudishwa wapi, ni lazima ujue kilikotoka. Wawindaji wa ngozi walimaliza biva katika sehemu kubwa ya nchi ile mapema katika karne ya 19. Kampuni ya Hudson's Bay ilifanya hivyo kwa makusudi katika bonde la mto Snake miaka ya 1820, ili washindani wasipate sababu ya kuja. Mabwawa ya biva yakabomoka, na maji yaliyokuwa yametandaa yakachimba mfereji mmoja. Baadaye wakata miti wa Oregon wakajenga mabwawa ya muda ya mbao, wakayajaza maji na magogo, wakayafungua kwa mpigo ili magogo yateremke. Desturi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950, na vijito vingine vilikwanguliwa mpaka mwambani. Kisha, kati ya miaka ya 1950 na 1970, idara zenyewe za serikali zilituma watu kuondoa miti iliyoanguka mtoni, zikiamini inawazuia samaki kupita. Anayekuja leo akaona kijito kimenyooka, safi, hakina gogo, anaweza kudhani ndivyo kilivyoumbwa.

Ninaposema hivi huwa nakumbuka kazi moja ninayoipenda kuliko zote. Kati ya 1934 na 1945, watu wa Idara ya Uvuvi ya Marekani walitembea mito ya bonde la Columbia wakihesabu vidimbwi, wakiandika upana, kina, mawe, vizuizi, kila kitu kwa penseli. Madaftari yao yakahifadhiwa. Nusu karne baadaye Bruce McIntosh, James Sedell na wenzao walirudi katika mito ileile na kupima upya. Waliona kwamba katika mabonde yaliyokatwa miti, kuchimbwa barabara na kulishwa mifugo, vidimbwi vikubwa vilikuwa vimepungua sana. Katika mabonde yaliyoachwa pori, vilibaki au viliongezeka. Wale waliopima miaka ya 1930 hawakujua swali litakalokuja kuulizwa. Waliandika mahali walipoanzia, walipoishia na jinsi walivyopima, na hiyo ikatosha kuwafanya washahidi.

Hoja ya tano: umbo zuri halitoshi ikiwa maji yenyewe yanaua

Longfellow Creek ni kijito kilicho ndani ya jiji la Seattle. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jiji lilifanya kazi kubwa ya kuvirejesha vijito vyake, hiki kikiwamo: vizuizi vikafunguliwa, magogo yakawekwa, kingo zikapandwa miti. Na koho wakarudi. Watu wa mtaani walishuka kuwatazama. Walichokiona kilikuwa cha kutisha: samaki wakubwa, wenye afya, waliotoka baharini siku chache tu zilizopita, wakizunguka juu ya maji bila kujua waendako, midomo wazi, mapezi yametanuka, na baada ya saa chache wamekufa. Majike yalipopasuliwa, mayai karibu yote yalikuwa bado tumboni.

Nathaniel Scholz na wenzake walifuatilia vifo hivyo kuanzia 2002 hadi 2009. Kila vuli, asilimia 60 hadi 100 ya koho walioingia katika Longfellow Creek walikufa kabla ya kutaga. Waliangalia joto, hewa ya majini, magonjwa, dawa za wadudu. Hakuna kilicholingana na vifo. Kilicholingana ni mvua na barabara. Hatimaye, Desemba 2020, kundi la watafiti likiongozwa na wale wa Chuo Kikuu cha Washington lilitangaza kisababishi: dawa inayotiwa katika matairi ili mpira usipasuke, iitwayo 6PPD, ikikutana na ozoni hewani hugeuka kuwa kemikali nyingine, 6PPD-kwinoni, inayomwua koho kwa kiasi kidogo mno. Vumbi la matairi huoshwa na mvua, huingia mfereji, huingia kijito.

Hapa sitaki tuwahukumu waliofanya kazi ile. Kemikali hiyo haikujulikana na mtu yeyote. Lakini funzo kwa mpimaji liko wazi. Wangeweka samaki wachache katika maji ya mvua ya kwanza ya vuli, wakawatazama siku nzima kabla ya kumwaga fedha, wangejua kwamba maji yanaua hata kama hawangejua kwa nini. Na tiba nayo imepatikana kwa njia hiyohiyo: majaribio yaliyochapishwa kabla hata kemikali kutambuliwa yalionyesha kwamba maji ya barabarani yakichujwa katika udongo na mboji, koho hawafi. Kijito kinachopita mjini kinahitaji kwanza mabustani ya kuchuja maji ya barabara, kisha magogo.

Ndugu Mwenyekiti, nageukia yaliyo mbele yetu.

Mwaka 2024 mabwawa manne ya mto Klamath, mpakani mwa California na Oregon, yalimalizwa kubomolewa. Oktoba ya mwaka huohuo chinuki walionekana katika tawimto la upande wa Oregon, juu ya yalipokuwapo mabwawa, ambako hawakuwa wamefika tangu 1912. Zaidi ya kilomita 640 za makazi zimefunguliwa, na kazi kubwa ya sasa ni upimaji: matawimto gani yana changarawe, wapi maji ni baridi mwezi Agosti, wapi mfereji wa shamba unawanasa vifaranga. Washington nayo imewekewa hadi 2030 kufungua asilimia 90 ya makazi yaliyozibwa na makalavati ya jimbo katika eneo la kesi. Miaka kumi ijayo itatuonyesha mengi, ikiwa tutakuwa na vipimo vya kabla vya kulinganisha na vya baada.

Na sisi? Waliozaliwa kando ya Ziwa Victoria wanamjua ningu, ambaye hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na ambaye aliwahi kuwa miongoni mwa samaki wakuu wa ziwa kabla ya nyavu za midomo ya mito kumpunguza vibaya. Mahitaji yake si ya samoni, na vikomo vya joto vya Oregon havimhusu. Hata hivyo maswali matano niliyoyaleta yanamhusu: anakwama umri gani, tunapima kwa njia gani inayorudika, kizuizi kiko wapi, mto ulikuwaje zamani, na maji yenyewe yakoje. Mito inayoingia ziwani inajengewa madaraja, mabanio ya umwagiliaji na mitambo ya umeme, na sehemu nyingi hazina daftari hata moja la kuonyesha hali ya kabla.

Ombi langu kwa bodi za maji na vyuo ni la kiasi. Tuchague mito miwili au mitatu, tukubaliane fomu moja fupi, tuweke vipima joto, tupime vidimbwi kwa njia ya Lisle na changarawe kwa njia ya Wolman, tukae na wavuvi wazee wanaojua ningu alikuwa akipita wapi na mwezi gani, na tuandike majina yao kama tunavyoandika ya wapimaji. Vifaa ni fimbo, tepu, karatasi isiyolowa na kipima joto. Kiangazi kijacho kinatosha kuanza, na daftari hilo liwekwe mahali ambapo yeyote atakayekuja ataweza kulisoma.

Nimemaliza. Nakaribisha maswali, na kama Mwenyekiti ataruhusu, ningependa waanze ndugu waliotoka kwenye mito ya Sondu na Kagera.